Dada Yangu Alipokataa Majibu Niliyomfundisha

Kwa wiki tatu nilimfundisha dada yangu kusema uongo. Wakati ule sikuuita uongo, niliuita mazoezi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Gendabi, na darasa la saba nimelifundisha miaka mingi kiasi kwamba nikisikia neno mtihani, mkono wangu wenyewe unatafuta daftari.

Dada ananizidi miaka kumi na mmoja. Alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, na hadi leo nikiumwa ndiye ninayemtaka kabla ya daktari. Ndoa yake haikudumu. Alirudi nyumbani kwetu Endasak akiwa na binti mmoja, akamlea, akamwoza, akabaki na mama yetu kwenye boma lile lile tulilozaliwa, pale mteremko wa mlima unapoanza kuwa mkali. Mama alipopooza, sisi wengine tulikuwa tumeshatawanyika. Kaka wawili walikuwa na miji yao, mimi nilikuwa na shule. Dada alimgeuza mama kitandani, akamwosha, akamlisha kwa kijiko, kwa miaka sita. Nesi aliyekuja kumwangalia alimkagua mgongo mzima, akatuuliza tunatumia dawa gani, kwa sababu hakuona kidonda hata kimoja. Hatukuwa na dawa yoyote. Tulikuwa na dada.

Siku zote alikuwa mtu wa mwili, na kwetu mwili ulikuwa sifa. Alikuwa akijitwisha debe la mahindi na kupanda nalo bila kupumzika. Lakini baada ya kumzika mama, mwili ule uligeuka kuwa mzigo. Magoti yalivimba. Kisukari kikaja. Vijana wa bodaboda walipomwona amesimama njia panda walijifanya wanaangalia simu. Aliacha kwenda kanisani, akasema ni magoti, kwamba wenzake wakipiga magoti yeye hubaki amesimama kama nguzo. Tulimwamini. Magoti yalikuwa mabaya kweli, basi hatukuuliza zaidi.

Daktari wa kliniki ya kisukari ndiye aliyetaja upasuaji wa kupunguza tumbo. Alieleza kwamba hufanyika Dar es Salaam, na kwamba kwa uzito ule na sukari ile, dada alikuwa mtu wa kufikiriwa.

“Wanakata nini?” dada aliuliza.

“Sehemu ya tumbo, mama. Ile inayopokea chakula.”

“Na inayobaki inatosha mtu?”

“Inatosha.”

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu, na kwa ajili ya kicheko kile niliamua kwamba upasuaji huo utafanyika hata dunia ikisimama. Nilipiga simu, nikatuma majibu ya vipimo, nikaunganishwa na hospitali ya huko. Kaka zetu walichagua ng'ombe wa kuuza. Tukapewa tarehe, mwezi wa nane, baada ya mavuno. Kisha ikaja orodha ya vitu vya kukamilisha: kipimo cha moyo, vipimo vya damu, na barua ya tathmini ya afya ya akili, ambayo tuliambiwa tunaweza kuifanyia karibu na nyumbani.

Kaka mkubwa alishangaa kwenye simu. “Akili? Kwani tunampeleka kupasuliwa kichwa?”

Mimi sikushangaa, niliogopa. Nilijua kwamba mtu anaweza kufeli pale. Basi nikanunua daftari jipya. Upande wa kushoto niliandika maswali, kulia majibu. Unalala vizuri? Ninalala vizuri. Unakula wakati gani? Ninapokuwa na njaa. Una huzuni? Namshukuru Mungu. Kila Jumamosi nilikwenda Endasak, tukakaa uani tukipukuchua mahindi, mimi nikiuliza, yeye akijibu huku macho yake yako kwenye magunzi. Alijibu vizuri kama mtoto anayetaka kengele ilie akacheze.

“Mwalimu,” alinitania siku moja, “na wakiuliza ambalo halimo kwenye daftari?”

“Sema uko sawa.”

Aliniangalia kidogo, akachukua hindi jingine.

Tulikwenda hospitali ya Haydom kwa basi, siku ya jua na vumbi. Dada alikaa viti viwili, na mwanamke aliyekuwa na mtoto mwenye homa alisimama sehemu ya njia bila kulalamika hadi dada mwenyewe akamwambia amweke mtoto kwenye mapaja yake. Mtoto akalala pale njia nzima. Hospitalini tulielekezwa kwenye kitengo cha afya ya akili, mlango wa mwisho wa korido, na tulipoukaribia nilijikuta napunguza mwendo nisije nikaonwa na mtu anayenifahamu. Dada alitembea katikati ya korido, polepole, akisalimia kila mtu.

Tabibu alikuwa kijana mwembamba, mtu wa Lindi, aliyepangiwa kazi huku kwenye baridi. Alisimama mara tu dada alipoingia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mle ndani mlikuwa na viti vya plastiki vyenye mikono. Dada alivitazama. Yule kijana aliona alivyovitazama, akatoka, akarudi amebeba benchi la mbao kutoka nje. Dada akakaa upande mmoja, naye akakaa upande wa pili wa benchi lile lile, meza yake akaiacha tupu. Mimi nilipewa kiti cha plastiki.

Nilimweleza kwamba dada anajua Kiswahili cha sokoni na kanisani, ila mambo mazito huyasema kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa hiyo nitatafsiri. Ilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilitaka kushika usukani.

Maswali ya kwanza yalikuwa ya daftari langu. Nilianza kupumua. Kisha tabibu akasema, “Mama, naomba unisimulie siku yako ya kawaida. Tangu unapoamka.”

Hilo sikuwa nimeliandika. Mikono mikubwa ya dada ilikuwa imelala kwenye mapaja. Alipofungua mdomo alisema kwa lugha yetu, na alisema kwa muda mrefu. Alisema anaamka kabla ya jogoo kwa sababu mwili wake umezoea kuamka kumgeuza mama. Anakaa kitandani, mikono iko tayari, na hakuna wa kugeuzwa. Basi huenda jikoni na kula kiporo akiwa amesimama. Njaa hana. Ila akitafuna, anasikia kama kuna mtu ndani ya nyumba anayefanya kazi. Chakula kikiisha, tumbo lake limekufa.

Sisi huzuni tunaiweka tumboni. Mtu wa kwetu akisema tumbo limekufa, haombi dawa ya kuendesha. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, nikamgeukia tabibu nikasema, “Anasema huamka mapema, anapata kifungua kinywa, na mara nyingine tumbo linamsumbua.”

Tabibu alinitazama, akamtazama dada. “Mwalimu,” alisema kwa upole, “mama amesema maneno mengi kuliko hayo.”

“Hajasema nilivyosema,” dada alisema kwa Kiswahili. Kisha akanigeukia, kwa lugha yetu: “Mwambie vile vile.”

“Dada, tarehe itapotea.”

“Ipotee.”

Uso ulinichoma. Nimewahi kumkamata mtoto na karatasi ya majibu ndani ya soksi, na siku ile nilijua mtoto yule alivyojisikia. Nikarudia upya, sentensi kwa sentensi, hadi nilipofika kwenye tumbo lililokufa. Nilieleza maana yake.

Tabibu aliweka kalamu chini. Hakuandika chochote kwa wakati ule. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chepesi, “Mama, kuna watu wakichoka hivyo, wanaanza kuona afadhali wasiwepo. Wewe imekufikia?”

Dada hakunisubiri mimi.

“Imenifikia, mwanangu. Wakati wa kupanda ilinifikia sana.” Akatafuta maneno. “Na huu upasuaji. Niliposikia, nilifurahi. Watu wengine wakilazwa usingizi ule hawaamki. Nikasema, basi, nikienda hivyo, hakuna wa kunilaumu. Watasema ni hospitali.”

Nilikumbuka kile kicheko kwenye kliniki ya kisukari. Nilikuwa nimekibeba miezi mitatu kama habari njema.

Sijui wengine wangefanya nini. Yule kijana hakushtuka wala hakuhubiri. Alisema, “Asante kwa kuniambia, mama.” Akamuuliza kama leo mawazo hayo yapo, kama amewahi kupanga kitu, nyumbani analala na nani. Dada alijibu moja moja. Leo hayapo. Hajapanga. Analala peke yake. Ndipo akatueleza kwamba kuna ugonjwa unaitwa sonona, kwamba ni ugonjwa kama kisukari kilivyo ugonjwa, una dawa na una mazungumzo, na watu wanapona. Alisema barua ataiandika, lakini haitakuwa ile tuliyoijia.

“Sikatai, mama. Nasema bado. Wakikupunguza tumbo leo, jikoni hutaweza kwenda tena alfajiri, na lile linalokupeleka jikoni litakuwa bado lipo. Litakwenda wapi? Tuanze kulitibu hilo. Upasuaji utakusubiri.”

Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa njia aliyokuwa akiulizia.

Tulipotoka nje nililia. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mbele ya watu, nikamwambia kwamba miezi yote ile imepotea, kwamba angesubiri kwanza apasuliwe Dar, kwamba angeweza kuyasema hayo baadaye. Alinisubiri nimalize.

“Unalilia tarehe au unanililia mimi?” aliuliza.

Hakukasirika. Alinipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, kama alivyonifanyia nikiwa mdogo, na kwenye basi la kurudi alilala usingizi mzito, kichwa chake begani kwangu, hadi Katesh.

Jumapili iliyofuata kaka wote wawili walikuja bomani na wake zao. Walitaka kuiona barua. Nilikuwa nimeandaa maelezo: kwamba kuna kipimo kimechelewa, kwamba wataalamu wanataka kujiridhisha. Nilikuwa hata sijaanza kusema, dada akainuka. Kuinuka kulikuwa kazi, na alikataa mkono wa kaka. Aliwaambia, amesimama, kwamba ana ugonjwa wa huzuni, kwamba alitamani kufa, na kwamba daktari amesema atibiwe hilo kwanza. Akakaa.

Kwetu mambo hayo hayasemwi. Mke wa kaka mdogo alitazama mlango. Kaka mkubwa, yule wa kupasuliwa kichwa, alivua kofia akaiweka gotini.

“Sisi tulikuachia mama,” alisema. “Wote. Tukawa tunaleta sukari na majani ya chai, tunasema tumesaidia.”

“Mlileta na sabuni,” dada alisema, na kaka alicheka huku akilia.

Tangu siku hiyo hakulala peke yake. Binti mkubwa wa kaka alihamia kwake, na wifi zake wakapeana zamu ya kuleta maziwa alfajiri, ile saa yake mbaya, ili akitoka kitandani akute mtu anachochea moto. Mimi nilikwenda naye kliniki kila mwezi. Dawa zilianza kwa kumkausha mdomo na kumlaza mchana, akalalamika kwamba sasa amekuwa mzembe pia. Halafu, siwezi kusema siku gani, nilimkuta amesuka nywele.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwanamke mmoja wa kanisani alimwambia kwamba mtu aliyeokoka hana sonona, akiwa nayo basi imani imepungua. Dada alikaa na neno lile, akaacha dawa bila kutuambia. Wiki chache baadaye binti wa kaka alinipigia akasema shangazi hatoki kitandani. Nilipofika, dada mwenyewe ndiye aliyenitolea pakiti kutoka chini ya mto, vidonge vimejaa.

“Nimekosea,” alisema. “Nipeleke kwa yule kijana.”

Alipopata nguvu alimtafuta yule mwanamke, si kwa kugombana. Alimwambia, “Dada yangu, kisukari changu unakiombea na dawa yake nameza, hujawahi kuniambia nichague kimoja. Basi na hili niombee hivyo hivyo.” Nilikuwepo. Yule mwanamke alimshika mikono, na nasikia hadi sasa humwombea kwa kutaja ugonjwa wenyewe.

Tabibu alikuwa amemuuliza mikono yake inataka nini alfajiri. Dada alijibu bila kufikiri kwamba inataka kugeuza mtu. Wakazungumza juu ya hilo kliniki nyingi, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo siyajui kwa sababu baada ya mara ya tatu dada aliniomba nisubiri nje. Ninachojua ni kwamba kijiji cha pili kulikuwa na bibi aliyepooza, na dada alianza kwenda mara mbili kwa wiki kuwafundisha wakwe wa yule bibi namna ya kumgeuza, wapi pa kuweka mto, namna ya kumlisha asipaliwe. Tabibu alimtahadharisha asije akabeba tena mzigo peke yake. Akamwahidi, na alitimiza. Alifundisha, akasahihisha, akaagana nao. Kwenda na kurudi alikwenda kwa miguu, akipumzika kwenye kila jiwe kubwa.

Tathmini ya pili ilifanyika mwaka uliofuata, mbaazi zikiwa zimechanua. Sikuwa na daftari. Aliingia peke yake na Kiswahili chake, mlango ukafungwa, nikakaa koridoni karibu saa nzima bila kujificha kwa mtu. Alitoka na bahasha.

“Alikuuliza nini?”

“Yale yale.”

“Ukajibu nini?”

“Yaliyopo. Nimemwambia siku mbaya zinakuja bado. Nimemwambia naogopa kufa kwenye upasuaji.” Alitabasamu. “Akasema hiyo ndiyo alikuwa anaingoja.”

Dar es Salaam tulikwenda mimi naye. Alipozinduka baada ya upasuaji, neno lake la kwanza lilikuwa la lugha yetu, na nesi akaniuliza mama anasema nini, ana maumivu? Nikatafsiri vile vile alivyosema: anauliza huku watu wanaishije na joto hili.

Mwili umepungua. Haukupungua kwa urahisi, na miezi ya mwanzo aliomboleza ugali kama watu wanavyoomboleza ndugu. Kwenye harusi moja alikaa mbele ya sahani iliyojaa, akala vijiko vitatu, akainuka akaenda kusimama nje peke yake. Nilimfuata. Alisema anaona hasira, hajui anamwonea nani. Jumatatu yake alipanda basi kwenda Haydom kumweleza tabibu, hakungoja siku ya kliniki. Magoti sasa yanamwachia kupiga hatua ndefu, dawa za kisukari zimepunguzwa, na za sonona anaendelea nazo hadi atakapoambiwa.

Mwezi uliopita alikuja Gendabi bila taarifa. Alishuka barabarani akatembea hadi shuleni, akafika wakati wa mapumziko amevaa kitenge kilichopunguzwa mara mbili kwa cherehani. Walimu wote waliinuka kumwamkia shikamoo. Mwalimu mkuu alimpa kiti chake, dada akakaa kwenye kiti cha kawaida karibu na dirisha, akapokea chai.

“Habari za siku nyingi, mama?” mwalimu mkuu aliuliza, kwa namna watu wanavyouliza.

“Wiki iliyopita ilikuwa mbaya,” dada alijibu. “Huzuni ilirudi siku nne. Niliogopa. Juzi nimeamka vizuri, nikasema nije nimwone mdogo wangu.”

Zamani ningerukia hapo niseme dada anatania. Nilimsogezea sukari, akaikataa, na mwalimu wa darasa la pili, mwanamke kijana kutoka Kigoma ambaye kwa kawaida haongei sana, akavuta kiti chake akamsogelea. “Mama,” alimuuliza, “hiyo ya siku nne, ulifanyaje?”

Dada aliweka kikombe chini akaanza kumweleza. Kengele ililia, nikaenda darasani, nikawaacha wanaongea.